Begi langu la safari limetoka tena uvunguni

(Jina la msomaji, majina ya timu na ya shule anazozitaja tumeyaondoa.)

Shikamoo Shangazi,

Naandika usiku, nyumba nzima imelala. Nina miaka 43, naishi Mbagala na mke wangu na watoto wetu wawili, binti wa miaka 17 aliye kidato cha nne na kijana wa miaka 13. Nimecheza mpira wa kulipwa miaka 14, lakini hata ukijaribu kunikumbuka hutaweza. Sikuwahi kuvaa jezi ya Simba wala ya Yanga. Taifa Stars niliitwa kambini mara moja, siku ya nne jina likachujwa, nikarudi nyumbani na daladala. Nilikuwa namba mbili, beki wa kulia, akikosekana mtu nacheza hata namba sita, kiungo wa ulinzi, na kuna mechi moja Mtwara niliimalizia golini baada ya kipa wetu kupewa kadi nyekundu. Nimepita timu nane. Kuna miji ya nchi hii naijua kwa viwanja vyake kuliko kwa mitaa yake: Mkwakwani, Nangwanda Sijaona, Kaitaba, Majimaji, Sokoine.

Mwaka 2003 Simba ilipoitoa Zamalek kwa penalti kule Cairo nilikuwa na miaka 20, nacheza mchangani Temeke. Usiku ule nilimwambia marehemu baba kwamba mimi nitaishi kwa mpira. Mwaka uliofuata nikasaini mkataba wangu wa kwanza. Na kweli nimeishi kwa mpira, Shangazi, ila niliishi kama msafiri. Mkataba wa mwaka mmoja, fedha ya usajili unapewa nusu, nusu nyingine "tutakumalizia". Alfajiri Ubungo na begi, msimu ukiisha Ubungo tena na begi lilelile. Binti yangu alizaliwa nikiwa Bukoba, nikaja kumwona ana wiki tano. Siku yake ya kwanza darasa la kwanza nilikuwa Songea. Mama watoto alikuwa hasemi kitu. Alikuwa anashona. Ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi cherehani yake ndiyo iliyokuwa mshahara wa uhakika nyumbani kwetu.

Niseme nilivyomaliza, maana sijawahi kumwambia mtu. Ilikuwa dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu, goti la kulia limevimba, tuko kambini. Meneja wa timu alibandika karatasi kwenye mlango wa bweni, orodha ya wanaobaki. Nilisoma majina kutoka juu mpaka chini, kisha nikarudia kutoka chini kwenda juu. Langu halikuwepo. Hakuna kiongozi aliyeniita wala kunipa mkono. Wenzangu walikuwa wanafunga njumu kwenda mazoezini, mimi nikakunja nguo. Nilikuwa nadai mishahara ya miezi minne na sijalipwa mpaka leo. Mke wangu halijui hilo. Nilimwambia wamenilipa zote. Fedha niliyomletea nilikopa kwa mchezaji mwenzangu, nikaja kuirudisha kidogokidogo kwa miaka miwili nikiendesha bodaboda.

Hiyo bodaboda ndiyo iliyonirudisha uwanjani. Nilikuwa napeleka mtoto wa jirani mazoezini kwenye kiwanja cha shule ya msingi hapa mtaani, nikakuta watoto hawana wa kuwafundisha, nikashuka. Leo ninao watoto 60. Mzazi mwenye uwezo anatoa shilingi 2,000 kwa wiki, asiye nao mwanawe anacheza vilevile. Nimesoma kozi, nina leseni C ya ukocha ya CAF, shirikisho la soka Afrika. Nina daftari kubwa la kaunta, kila mtoto ana ukurasa wake: tarehe aliyokuja, mguu anaotumia, tulichofanya, kilichomshinda. Mama watoto amelishonea kava la kitenge lisichakae. Hata vizibao vya mazoezi, vyekundu 12 na vya bluu 12, alivishona yeye kwa vipande vya vitambaa vinavyobaki dukani.

Sasa mwezi huu mambo mawili yamekuja pamoja. Shule moja binafsi ninayofundisha michezo siku mbili kwa wiki inataka kuniajiri moja kwa moja kuanzia Januari: shilingi 550,000, NSSF, na kijana wangu asome pale kwa nusu ada. Wiki hiyohiyo akanipigia mchezaji mwenzangu wa zamani, sasa ni kocha mkuu wa timu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, mkoani, mbali sana na Dar. Anataka niwe msaidizi wake. Shilingi 800,000, chumba, posho ya ushindi, miezi minane hadi msimu uishe. Nikamuuliza kuhusu mkataba, akasema, "Utaukuta huku." Akaongeza, "Nikiipandisha hii timu mimi naondoka, inabaki yako. Wewe kazi yako ni uwanja tu, mambo ya kamati tuachie wenyewe." Anataka jibu ndani ya siku kumi.

Shangazi, nilipokata simu mikono ilikuwa inatetemeka. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniita "mwalimu" kwa timu ya watu wazima. Mwaka 2022 nilimwona Juma Mgunda anakabidhiwa Simba na kuiingiza makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, nikasema kumbe mzawa anaweza. AFCON ya 2027 inakuja hapa kwetu, mpira wa nchi hii unakua, na mimi napanga koni kwenye kiwanja chenye mti katikati.

Nilimwambia mke wangu usiku, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mkataba uko wapi?" Nikasema nitaukuta huko. Akanyamaza, halafu akasema, "Na hao watoto sitini unamwachia nani?" Niliona ananidhihaki. Nikainama uvunguni nikavuta begi langu la zamani. Lilikuwa limejaa sare za shule za zamani na blanketi. Akaja, akafungua zipu, akatoa kimoja kimoja akakiweka kitandani, akanikabidhi begi tupu na kwenda kulala na binti yake. Hatujazungumza vizuri tangu siku hiyo. Mke wangu hapendi mpira, ndivyo ninavyoona, na simlaumu.

Kijana anafurahi, ameshatangaza kwa wenzake. Binti aliuliza kitu kimoja tu, kama nitakuwepo kwenye mahafali yake mwezi wa kumi. Nikasema tutaona.

Nikikataa, nani atanipigia tena? Nikikubali, si ndiyo nimerudi kulekule? Nisaidie.

Namba Mbili, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliisoma asubuhi, nikairudia jioni, na mara zote mbili nilikwama mahali pamoja: pale mlangoni kwa bweni. Mtu ametumikia mpira miaka 14, amecheza na goti bovu, amekaa golini Mtwara kwa sababu timu ilihitaji, halafu anaagwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi. Pole. Natamka pole hiyo kwanza kwa sababu nahisi hukuwahi kupewa, na hukuipata kwa kuwa hukumruhusu mtu ajue.

Nikikuelewa vizuri, mbele yako kuna kazi mbili. Moja inakurudisha kwenye mpira wa ushindani, ina fedha zaidi, lakini iko mbali na kila kitu chake kiko mdomoni mwa rafiki. Nyingine iko nyumbani, ina utulivu, fedha ni pungufu, na unahofia itakuzika. Katikati yuko mke aliyenyamaza na binti anayesubiri jibu. Sitakuchagulia, maana mimi siyo nitakayepanda hilo basi wala siyo nitakayebaki. Ila naomba tukae kidogo kwenye baadhi ya maneno yako, kwa kuwa naona mengine umeyapitia haraka.

Umeandika kwamba mkeo hapendi mpira. Mwanangu, rudi kwenye barua yako mwenyewe. Huyo mwanamke ameshona vizibao 24. Amelivalisha daftari lako kitenge. Ulipomwambia unaondoka, swali lake la pili halikuwa juu ya nafsi yake, wala juu ya kodi ya fremu, wala nani atamsaidia na kijana. Aliuliza watoto 60 unamwachia nani. Wewe uliisikia dhihaka. Mimi niliposoma nilimsikia mtu ambaye pengine anaamini kazi yako ya kiwanjani kuliko unavyoiamini wewe. Inawezekana nimekosea, sikuwepo chumbani. Lakini kabla hujabeba dhana hiyo kwenda nayo mkoani, muulize alikuwa na maana gani, na umuulize mchana, siyo usiku mkiwa mmechoka wote.

Na lile swali la kwanza, "Mkataba uko wapi?" Hilo ni swali ambalo wewe mwenyewe ulipaswa kuwauliza watu kwa miaka 14. Angalia ulivyoishi: nusu ya usajili unayo mkononi, nusu iko kwenye "tutakumalizia", na miezi minne imepotea kabisa. Yeye aliyebaki na cherehani anajua hesabu ya "tutakumalizia" kuliko mchezaji aliyeambiwa. Sasa rafiki yako anakwambia "utaukuta huku", na simwiti mwongo. Makocha wengi wa mikoani wanaahidi kwa moyo safi vitu ambavyo vipo mikononi mwa mwenyekiti au mfadhili. Lakini ukishafika, umelipa nauli, umeshaacha kazi ya shule, watoto wako wa mtaani wametawanyika, utakuwa na nguvu gani ya kusema mshahara huu siyo tulioongea?

Kwa hiyo, ukielekea kukubali, omba mkataba utumwe kabla hujapanda basi. Siku hizi mtu anapiga picha karatasi na kuituma kwenye simu dakika moja. Uwe na jina la klabu, siyo la kocha mwenzako. Uwe na mshahara, tarehe ya kulipwa, mwanzo na mwisho, chumba, matibabu, na nini kitatokea kama kocha mkuu akifungashiwa virago katikati ya msimu, maana wewe unaingia kwa mgongo wake na mara nyingi benchi huondoka pamoja. Ulizia na NSSF: mchango kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hutakiwi kukatwa zaidi ya nusu yake. Fahamu pia kwamba tangu 2021 FIFA ina kanuni maalumu za mikataba ya makocha. Kwa kanuni hizo, klabu isipomlipa kocha mishahara ya miezi miwili, na akaidai kwa maandishi na kuipa siku 15 bila kulipwa, ana haki ya kuvunja mkataba. Hizo zimewalenga zaidi wanaofundisha nje ya nchi zao, lakini unaweza kuomba kifungu kama hicho kiandikwe kwenye mkataba wako. Bila karatasi, ukienda TFF, shirikisho la soka nchini, kwenye Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji, au kwa wasuluhishi wa migogoro ya kazi, utakwenda kueleza kumbukumbu tu.

Wakikasirika kwa sababu umeomba mkataba, hapo watakuwa wamekujibu swali ambalo hukuuliza.

Kuna sentensi moja katika maneno ya rafiki yako imenikosesha raha kuliko hiyo ya mkataba. "Mambo ya kamati tuachie wenyewe." Sote tuliokulia karibu na mpira wa nchi hii tunajua neno kamati linaweza kubeba nini. Mimi nimekulia Ilala, kaka zangu walikuwa wakirudi kutoka uwanja wa Karume na hadithi ambazo mama aliwakataza kuzisimulia mezani. Huenda alimaanisha nauli na posho tu. Huenda pia alimaanisha waganga, au mwamuzi, au mechi ambayo matokeo yake yanajulikana Ijumaa. Wewe ni msaidizi, lakini jina lako litaandikwa kwenye orodha ya benchi, na likitokea la kutokea hakuna atakayeuliza kama ulikuwa unapanga koni tu. Muulize waziwazi. Ni mwenzako, mmelala bweni moja, anaweza kustahimili swali hilo.

Halafu "inabaki yako". Hapa naomba tuwe wakweli pamoja. Championship inachezwa na timu 16, zinazopanda moja kwa moja ni mbili, zinazofuata zinakwenda kwenye mchujo. Tuseme ipande. Timu ikishaingia Ligi Kuu viongozi wanapata simu nyingi, za makocha wazawa wenye majina na za wageni. Na kuna leseni. Kanuni za ligi hutaja kiwango cha leseni cha kocha mkuu na cha msaidizi, na wewe una C. Nenda Karume, kwenye ofisi za TFF, ukaulize kanuni za msimu huu zinasemaje kwa mtu wa leseni yako na kozi ya B inaitishwa lini, kwa ada gani. Ni safari ya asubuhi moja tu kutoka Mbagala. Ukipata jibu hilo utajua kama anachokuahidi rafiki yako kipo katika uwezo wake, na utajua kitu kingine muhimu zaidi: kati ya kazi hizi mbili, ipi itakufikisha kwenye leseni B mapema? Inaweza kuwa ya mkoani, kwa sababu ya uzoefu wa benchi na fedha. Inaweza kuwa ya shule, kwa sababu uko Dar na mshahara unajua tarehe yake. Sina hakika, ndiyo maana nakutuma.

Umemtaja mwalimu Mgunda, na nimefurahi, kwa kuwa habari yake ina upande ambao umeuacha. Simu ile ya Septemba 2022 ilimkuta Coastal Union, timu ya Tanga, kwao, timu aliyowahi kuichezea. Hakuwa amezurura kutafuta kuonekana. Aliivusha Simba mbele ya Nyasa Big Bullets ya Malawi na Primeiro de Agosto ya Angola hadi makundi, kama ulivyosema. Januari 2023 akaja Mbrazili, Roberto Oliveira, na Mgunda akawa msaidizi. Sikukumbushi hili kukuvunja moyo. Yeye aliendelea na kazi, na heshima yake haikupungua hata chembe. Tazama pia Selemani Matola, nahodha wa zamani wa Simba, mmoja wa wale waliocheza wakati ule wa Zamalek uliokufanya umwahidi baba yako. Amefanya kazi ya usaidizi chini ya makocha kadhaa wa kigeni, mmoja anakuja, mwingine anaondoka. Usaidizi ni kazi kamili, mwanangu. Jiulize kama ungeipenda hata kama isingekupeleka popote, kama ungeridhika kuwa ndiye anayejua goti la nani linauma na nani amepigiwa simu ya msiba usiku. Nadhani ungeridhika. Mtu anayeandika ukurasa mmoja kwa kila mtoto ana moyo wa kazi hiyo. Ila hawa wawili walikuwa na majina makubwa uwanjani, na wewe umeniambia huna. Njia yako inaweza kuwa ndefu kuliko zao, na ni haki uingie ukijua.

Ya shule nayo nisiipambe. Kuna hatari mbili ninaziona. Shule binafsi ada zikichelewa, mwalimu wa michezo huwa miongoni mwa wa kwanza kuguswa, na mitihani ikikaribia uwanja hufungwa. Na kuna hatari iliyo ndani yako: ukibaki kwa shingo upande, kila Jumamosi ukisikiliza matokeo ya Championship redioni utakuwa unamtazama mkeo kama mtu aliyekunyang'anya kitu. Yeye atauhisi mtazamo huo, na watoto watauhisi. Kama utabaki, baki kwa sababu umechagua kubaki, na umwambie hivyo kwa mdomo.

Je, lazima iwe moja au nyingine leo? Umepewa siku kumi, lakini siku kumi ni za rafiki yako. Unaweza kumwambia utaripoti baada ya mahafali ya binti, ukampa tarehe. Unaweza kuomba uanze dirisha dogo, kazi ya nusu msimu, na kuiuliza shule kama itakusubiri hadi katikati ya mwaka. Unaweza kumtafuta kijana mmoja wa kukushikia wale 60, ukampa daftari, ukamlipa kitu kidogo kutoka huko. Kila njia ina gharama yake. Ukichelewa wanaweza kumchukua mwingine, shule inaweza kukataa kusubiri, na kijana unayemwachia watoto anaweza kuacha baada ya wiki tatu. Hizo ndizo za kupimwa na mkeo, kwa kalamu na karatasi, pamoja na nauli za kurudi nyumbani, kodi, na ile nusu ada ya kijana ambayo ni fedha halisi japo hutaishika.

Unauliza nani atakupigia tena. Sijui. Lakini angalia ni nani aliyekupigia sasa: mtu aliyecheza nawe miaka hiyo, akakaa na jina lako kichwani muda wote huu ilhali hukuwa unamwomba kazi. Shule nayo ilikuona siku mbili tu kwa wiki ikataka siku tano. Wewe ulisoma ile karatasi mlangoni ukaamini mpira umekusahau, na nadhani bado unaharakisha kujibu simu hii kana kwamba orodha iko karibu kubandikwa tena. Huenda ni kweli ni nafasi ya mwisho. Huenda pia ni ya kwanza.

Sasa miezi minne. Najua ulitaka tuipite. Ulikopa ili asione aibu yako, na ukalipa deni hilo usiku kwa usiku juu ya pikipiki, na moyo uliokufanya ufanye vile siudharau. Lakini fikiria anachokijua yeye: anajua timu ya mwisho ilikulipa zote. Kwa hesabu hiyo, hofu yake juu ya mkataba inaonekana ya bure, na wewe unamwacha aonekane mkorofi kwa hofu ambayo wewe ndiye unayejua ina haki. Ukimwambia, anaweza kukasirika kwelikweli. Anaweza kulia kwa miaka miwili ya bodaboda aliyodhani ni ya kuongeza kipato. Anaweza kusema huendi popote, na utakuwa umempa sababu. Hilo ni jambo la kuogopesha, sikatai. Pia usishangae ukikuta alijua. Mwanamke anayehesabu nusu mita za kitambaa huwa anaona mengi.

Na binti. "Tutaona" ni neno ulilolichukia likitoka kwa viongozi wa timu. Hata kama jibu ni hapana, au ni "nitajitahidi nikiwa na ruhusa, na ruhusa nitaiandikisha kwenye mkataba," mpe jibu lenye umbo. Ana miaka 17, ameshakua, anaweza kulibeba.

Jambo la mwisho ni lile begi. Umesema mkeo alitoa sare za zamani na blanketi, kimoja kimoja. Hukusema sare zilikuwa za nani. Kama ni za yule binti, za darasa la kwanza, zile alizovaa asubuhi ambayo wewe ulikuwa Songea, basi mkeo amezitunza miaka yote hiyo ndani ya begi lako wewe, wakati nyumba yenu nina hakika ina mifuko mingine. Sijui kwa nini aliziweka humo. Muulize. Anza na swali hilo kabla ya mkataba na kabla ya mshahara, kisha mweleze kuhusu karatasi ya mlangoni, yote, mpaka ulivyosoma kutoka chini kwenda juu.

Niandikie tena, hata kama barua itatoka mkoani.

Shangazi